Aliomba Ngazi, Wakamletea Katani

Amefariki yule mama wa mtaa wetu wa Gikondo aliyewafundisha wasichana kuezeka vigae. Alianguka kutoka juu ya nyumba, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika, akakata roho kabla ya kufikishwa hospitali. Nilipata habari kituoni, nikisubiri basi, na aliyenipa aliongeza bila kuulizwa: “Si tulisema? Mwanamke hapandi juu ya nyumba. Iko kirazira.” Msomaji asiye wa huku ajue kwamba kirazira ni mwiko, na kwamba kwetu mwanamke hapigi ngoma, hakami ng’ombe, wala hakanyagi paa, kwani husemwa akilikanyaga amekanyaga kichwa cha mumewe. Tangu siku hiyo nimeipindua sentensi ile kichwani, nikitafuta kama ndani yake mna walau huruma kidogo. Sijaiona.

Nilimfahamu nilipomaliza chuo nikakosa kazi, naye akawa anatafuta mtu wa kumsemea Kifaransa mbele ya wafadhili. Karakana yake ilikuwa nyuma ya gereji, na wanafunzi wake wengi walikuwa wasichana waliokimbia vita kaskazini. Aliwavalisha suruali chini ya kitenge ili watu wa chini wasipate la kusema, lakini walisema tu. Ngazi waliyokuwa nayo ilikuwa imefungwa kamba kila mahali. “Mwanangu,” aliniambia, “usiniombee unga. Niombee ngazi nzima, na mbao za jukwaa. Hawa ni watoto wa watu.”

Mfadhili alikuja, mama mmoja mpole kutoka Ulaya, akiongozana na konseye, yaani diwani wa sekta yetu. Wasichana walikuwa juu wakipanga vigae, na vijana wa gereji wakiwachokoza.

“Dada, shuka nikuoe!”

“Jenga kwanza! Paa nitakuezekea mwenyewe!”

Mgeni alicheka, lakini konseye hakucheka. “Madamu, hii kazi iko ya wanaume. Desturi yetu inakataza.” Mgeni akanigeukia kuuliza kama ni kweli. Nikajibu kwamba ni kweli, ila njaa nayo ni kweli, na aliyekimbia kwao hana kichwa cha mume cha kuogopa kukikanyaga. Aliitikia kwa kichwa kwa upole sana. Akasema wao huheshimu utamaduni wa watu. Je, wasichana hawa hawawezi kusuka vikapu?

Mama wa watu akaniambia, “Mwulize, kwao paa likivuja wanakinga kwa kikapu?” Nikatafsiri neno kwa neno. Mgeni akacheka tena, akidhani ni utani.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, akaenda, na baada ya majuma kadhaa likafika gari limejaa katani iliyotiwa rangi, ya kusukia vikapu. Ngazi haikuwemo. Masika yalipoanza, wale wale waliokuwa wakitaja kirazira walimwita mama kimyakimya aje azibe paa zao, kwa sababu mafundi wanaume walikuwa wameadimika, na mwiko ukanyamaza hadi mvua ilipokatika. Ni katika kazi ya namna hiyo ile ngazi iliyofungwa kamba ilipomvunjikia akishuka kutoka paani, akaanguka.

Mazishini konseye alihutubia kwa sauti ya kutetemeka, akamwita shujaa aliyewainua wanawake. Wafadhili walituma shada. Msichana mmoja aliyesimama karibu nami akaninong’oneza, “Kaka, wanasema mradi wa vikapu utapewa jina lake.”

Nimewaza sana, labda kupita kiasi, na somo ninalolipata si la kufariji. Mwanamke maskini akiomba msaada, kila mtu humsaidia awe yule ambaye yeye mwenyewe amekwisha kumfikiria: huyu anamtaka msusi, yule anamtaka mke mtulivu, na wote huita hiyo heshima. Anayeheshimu husikiliza kwanza anachoombwa. Basi wanaotangaza kituoni kwamba ameuawa na mwiko wanyamaze. Aliuawa na ngazi mbovu, ambayo sote tuliiona, tukazungumzia desturi.