Siku Nilipoizuia Mvua ya Mawe

Ilianza Jumanne, saa tisa na nusu alasiri. Saa nina hakika nayo kwa sababu redio ya mjomba ilikuwa imetoka kuitaja, kisha ikaanza kukwaruza kama ilivyofanya kila radi ilipokaribia. Nilikuwa mtoto wa darasa la pili, naishi Nyanungu kwa bibi mzaa mama, kwa kuwa mama alikuwa akihangaika na biashara ya nguo Mugumu.

Upande wa mlimani wingu lilikuwa limeshuka, si jeusi bali kijani hafifu, kama maji ya bwawa. Bibi alilitazama mara moja akasema ni mvua ya mawe. Wimbi shambani, yaani ulezi, lilikuwa limekaribia kuvunwa, na hatukuwa na chakula kingine cha kutufikisha mwaka uliofuata.

Nyumbani kwa bibi waliamini kwamba mawe ya mvua husikia. Kila yalipokuja, mtoto wa mwisho wa mji, mdogo kuliko wote nyumbani, alitoka uani na jembe, akalikita ardhini na kuyaambia yapite. Mtoto huyo alikuwa Mwita, mwana wa mjomba, mwenye miaka mitano. Mimi nilikuwa na minane. Bibi alichukua jembe nyuma ya mlango, akampita Mwita, akanipa mimi.

"Ghati, leo wewe ndiye wa mwisho wetu."

"Na Mwita je?"

"Mwita atajikojolea."

"Sijikojolei siku hizi," Mwita akasema.

"Basi jana alikuwa paka," mjomba akamjibu, na sote tukacheka.

Nilitoka kwa furaha. Tangu nifike pale watoto wa jirani waliniita mgeni, na sasa bibi mwenyewe alikuwa amesema "wetu". Nilikita jembe katikati ya ua. Mawe ya kwanza yalikuwa kama punje za mahindi, yaliyofuata kama gololi. Yalinipiga mabegani, moja likanipasua juu ya sikio. Radi ilipiga ng'ambo ya mto, nikazidi kuushika mpini. Niliyaambia yapite, nikarudia mpaka sauti ikakauka. Nilipogeuka kuona kama wananitazama, mlango ulikuwa umefungwa.

Yakapita. Nusu ya wimbi lililala chini, nusu ikabaki imesimama. Mjomba alinibeba akanizungusha uani, na mkewe, Bhoke, akanipaka samli kwenye jeraha. Nilijiona mtu.

Jioni nilijilaza chumba cha ndani. Bibi na Bhoke walikuwa jikoni wakizungumza Kikurya, wakidhani sikielewi kwa sababu kwetu Mugumu tulizungumza Kiswahili. Kumbe miezi ya kuchunga mbuzi na watoto wa pale ilikuwa imeshanifundisha.

"Mama, asante kwa Mwita," Bhoke alisema.

"Ulitaka nimtoe? Radi ikimtaka mwenye jembe inaondoka naye. Mwita ni wa mji huu. Yule ni wa watu, ana kwao kwa baba yake."

"Na kama ingemchukua?"

"Tungemlilia."

Kisha akauliza chumvi imewekwa wapi.

Miaka mingi baadaye, chuoni, nilisoma namna watu wanavyoishi na majanga ya asili. Nilijifunza kwamba mvua ya mawe mara nyingi hunyesha kwa muda mfupi na hupita yenyewe, na kwamba radi ikikaribia hakuna mahali pabaya kama uwanja ulio wazi. Wenzangu darasani waliwacheka wazee wa namna ya bibi, kwamba hawakujua. Mimi sikuweza kucheka. Kama bibi asingeamini kwamba radi huweza kumchukua mwenye jembe, kunituma nje kungekuwa ujinga tu, na ujinga ningeusamehe. Lakini aliamini. Kwa akili yake, alijua kabisa kinachoweza kumpata mwenye jembe, akatutazama wajukuu wake wawili, akachagua. Najua pia kwamba aliogopa njaa, na kwamba alikuwa na midomo mingi ya kulisha. Nimelipima jambo hili kila upande, na bado linauma palepale. Hata sasa wingu likiwa zito huwa siwezi kukaa. Napita chumba hadi chumba kuhakikisha hakuna aliyebaki nje.

Asubuhi iliyofuata mvua ile, alikuja mama mmoja jirani, ambaye shamba lake lilikuwa limekwisha lote. Alinitazama kama anayetazama dawa.

"Mvua nyingine mtuazime huyu mtoto," alimwambia bibi.

Bibi akaniwekea mkono kichwani. "Huyu simwazimi mtu. Huyu ni damu yetu."

Niliutoa mkono wake. Nikamgeukia yule mama nikamwambia kwa Kikurya, polepole ili nisikosee hata neno, "Mimi si wa mji huu. Mimi ni wa watu."

Sikumtazama bibi. Nilichukua madaftari yangu nikaenda shule.