Fundi Aliyeizungushia Jeti Minyaa

Alhamisi, tulipokuwa tukichambua maharage jikoni, dereva wa lori linaloleta dagaa kutoka Nkome alinipa habari kwamba yule fundi seremala, jirani wa shangazi yangu kule karibu na mgodi, amekufa kwa ugonjwa wa kifua. Aliyasema hayo huku anashusha gunia, kisha akaongeza, "Yule wenu wa ndege." Wapishi wakacheka. Mimi sikucheka, wala sikusema kitu, maana ninyi msomao gazeti hili la ukutani mnanijua: nikiulizwa jina langu mbele ya watu natazama viatu. Wiki hii niliahidi kuandika juu ya usafi wa bweni. Bweni lingoje. Nataka kuandika juu ya marehemu kabla kile kicheko cha jikoni hakijawa ndiyo historia yake, na pia kwa sababu jambo alilolipigania bado halijaisha.

Ndege yenyewe ilikuwa ya kivita, ya jeti, ile aina isiyo na propela. Ilitokea upande wa Nairobi, ikapotea mawinguni, mafuta yakaisha, ikatua kwa tumbo katika shamba la pamba. Rubani alitoka mzima. Mama mmoja akampa maziwa ya mgando, akamaliza kibuyu kizima. Wakaja wanajeshi na malori, wakang'oa injini na bunduki zake, wakaona ganda lililobaki halina faida tena, wakamwachia meneja wa mgodi alikatekate. Mgodi ulikuwa na kazi zake, miezi ikapita. Watu wakaanika mihogo juu ya mabawa. Wengine walidai ndiyo inayofukuza mvua, afadhali ichomwe. Na watengeneza sufuria walikuwa wameshaigawana kwa macho, huyu mkia, huyu bawa la kushoto.

Marehemu wakati huo alikuwa akichonga magogo ya kushikilia paa la mashimo ya mgodi. Msimamizi wake Mzungu alizoea kumwambia kwamba useremala ni kazi ya watu ambao vichwa vyao haviwezi mashine. Basi Jumapili moja marehemu naye akaenda kuitazama hiyo ndege, akaigonga puani kwa kidole, akasimama. Akagonga tena. Ilikuwa mbao! Mabawa na mkia ni bati jepesi, lakini pale mbele, pale alipokaa rubani, ni mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi, na katikati yake mti mwepesi kama bua. Alikaa chini akacheka mpaka watu wakadhani amepatwa na wazimu. "Kitu hiki kimewapita tai wote kwa mbio," alinisimulia baadaye, "nacho ni randa na gundi. Randa na gundi, mayu, mama yangu! Halafu mtu aniambie kichwa changu hakiwezi?" Pale pale akaapa kwamba haitakatwa.

Aliwaita basumba, wale vijana wanaolima kwa zamu katika mashamba ya watu huku wakiimba. Wakafungua mabawa, kisha wakaibeba ile ndege kama sisi tunavyobeba paa la nyumba inayohamishwa: wanaume wanaingia chini yake, mmoja anaimba, wengine wanaitikia, na paa linatembea lenyewe porini kama kobe. Wakaitua nyumbani kwake juu ya mawe, mchwa wasiifikie, na mabawa wakayarudisha mahali pake. Akaipaka oili chakavu, akamwaga majivu chini. Kisha akafanya jambo lililowashangaza watu kuliko yote. Akapanda minyaa kuizunguka, akaacha mlango, akaweka mafiga matatu ndani ya ua, kama mtu anayeanzisha kaya. Mke wake akamuuliza, "Umeoa ndege sasa?" Akajibu, "Tulia, mke wangu. Hii haijui kupika, haiwezi kukupita."

Likizo moja baada ya hapo nilipelekwa kwa shangazi, na kila asubuhi nilikuwa nakwenda kumsomea maandishi ya Kiingereza yaliyopakwa mwilini mwa ndege. Mengi yalikuwa amri. Juu ya bawa moja paliandikwa usikanyage hapa. Nilipomwambia, akamwita jirani aliyekuwa akianikia mihogo yake pale pale, akamtamkia amri hiyo kwa sauti ya kihakimu. Jirani akakuna kichwa. "Mwaka mzima nimekanyaga, haikusema kitu." Siku hiyo ndipo nilipothubutu kumuuliza swali lililokuwa linanisumbua. "Baba, lakini si ilitengenezwa kuua watu?" Hakukasirika. Alisema, "Ndiyo. Na ndiyo maana sitaki iwe sufuria. Ukishakula ugali kutoka ndani yake, utakumbuka ilikuwa nini?"

Sijapata kusikia mwalimu akieleza hivyo kwa nini tusome historia.

Wakaja kuikata asubuhi moja ya Ijumaa. Vijana wanne wa hapo hapo kijijini, walioajiriwa mgodini, na misumeno ya chuma mabegani. Nyuma yao yule msimamizi wa marehemu, ametumwa na meneja, ndani ya gari. Minyaa ilikuwa imeshafika mabegani mwa mtu. Sisi tulikuwa ndani ya ua, marehemu, mkewe na mimi. Akanikonyeza. "Wewe fundi wa kunyamaza. Leo tufundishe." Kwa nje tukasikia, "Hodi!" Kimya. "Hodi jamani!" Kimya. Mara ya tatu. Mke wake alijifunga kanga mdomoni kwa kicheko. Msimamizi akapiga kelele kutoka garini, "Ingieni!" Sauti moja ikamjibu, kwa adabu kabisa, "Bwana, hatujakaribishwa." "Ni ndege hiyo, si nyumba!" "Ina ua, bwana. Ina mafiga." Mwingine akasema chini chini, nasi tukamsikia vizuri, "Nikiruka ua wa mzee huyu, mama yangu hatanipa chakula." Wakabisha tena hodi tatu, wakageuka, wakaondoka na misumeno yao. Sisemi waliogopa. Walijua wanachofanya. Mmoja wao alipita kando ya ua akakohoa kikohozi cha mtu mwenye furaha.

Jumatatu marehemu alifukuzwa kazi. Akaanza kuchonga milango na mikokoteni ya ng'ombe, na kila kiangazi akaipaka ndege yake oili. Mafundi vijana walikuwa wakija kutoka mbali, wengine Ushirombo, kugusa ile pua ya mbao na kuona maungio yake. Alikuwa hawafundishi kwa maneno mengi. Anawaambia wagonge, kisha anasubiri nyuso zao zibadilike. Naamini katika nchi hii mtu akibadilika uso namna ile mara moja, si rahisi tena kumwambia kichwa chake kina mpaka. Pengine ndicho kilichomuudhi msimamizi, si bati.

Dereva wa dagaa hakuishia kwenye msiba. Aliniambia wakataji watarudi matanga yakiisha, safari hii watu wa kuletwa kutoka mbali, wasiojua ua ni nini. Mjane ametuma neno: anatafutwa mtu wa kumwambia msimamizi kwa Kiingereza, uso kwa uso, kwamba mali ile aliachiwa mume wake siku walipogeuka na misumeno yao, msimamizi apende asipende, na kwamba yeye hatoki. Kijijini hakuna. Shangazi ametaja jina langu.

Nimelala na jambo hili siku tatu. Lile tulilolifanya Ijumaa ile lilifaa kwa sababu waliobisha walikuwa watu wetu. Kimya chetu walikielewa. Asiyekuelewa ukimnyamazia anahesabu umekubali. Hilo ndilo nililojifunza kwa marehemu baada ya kufa kwake, na nawaachia ninyi pia, hasa wasichana wenzangu tunaosifiwa upole: kitu hakihifadhiwi na oili peke yake, kinahifadhiwa na mtu aliye tayari kuulizwa kwa nini, na ajibu. Mkuu wa shule amenipa ruhusa ya siku mbili. Jumamosi napanda lori. Maneno nimeyafanyia mazoezi nyuma ya bweni, mara kumi, kwa sauti, na la kwanza kati yake ni hapana.