Dakika Nne za Mama Ngazi

Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemwita kwa jina lake katika ofisi ile ya usajili wa ardhi. Alikuwa Mama Ngazi, basi. Jengo lina ghorofa sita, lifti ilikufa zamani ikageuzwa stoo ya mafagio, na yeye, fundi wa kompyuta, alipewa chumba chini kabisa, mlango ukitazamana na choo cha wageni. Kompyuta mia na themanini na sita zilikuwa juu ya kichwa chake, kila moja na maradhi yake. Akawa mtu wa kupanda na kushuka, raba mguuni, daftari kwapani.

Hilo daftari tulitazame vizuri, maana ndilo lililommaliza. Lilikuwa na jalada gumu na safu nne: tarehe, ghorofa, tatizo, sahihi. Fundi akimaliza kazi, mwenye kompyuta anatia sahihi. Mwaka ukiisha, madaftari yanapelekwa kwa wakubwa, na huko, nadhani, yalipimwa kwa kilo kama viazi.

Kazi iliyomla miguu zaidi ilikuwa ya akaunti. Kila kompyuta lazima iwe na akaunti ya msimamizi ndani yake, yaani mlango wa fundi. Bila hiyo hawezi kuweka programu wala kutengeneza chochote. Na sheria ya ofisi, sheria nzuri tu, ilitaka kila miezi mitatu akaunti ya zamani ifutwe na iundwe mpya, yenye neno jipya la siri. Kwa hiyo mara nne kwa mwaka Mama Ngazi alipita meza kwa meza: "Samahani kidogo, naomba nikae hapo." Anaunda, anafuta, anaomba sahihi. Mzunguko mmoja ulimchukua wiki mbili na nusu, na njiani alisalimiana na kila mtu, akataniwa, akatania.

Goti la kulia ndilo lililogoma kwanza. Daktari alimwambia apunguze ngazi. "Nizipunguze vipi, daktari, na ndizo walizonipa ziwe jina?" Daktari hakucheka, akamwandikia dawa ya kuchua.

Mwingine angeomba ruhusa ya ugonjwa akalala. Yeye alijua kompyuta zote zimeunganishwa kwenye mtandao mmoja, na kwamba ukiijua lugha ya kile kidirisha cheusi cha maandishi matupu, unaiamuru mashine ya ghorofa ya sita nawe umekaa chini, goti kwenye kigoda. Miezi mitano, kila Jumamosi, alikuja kujifundisha kuandika skripti, ile orodha ya amri ambayo kompyuta huifuata yenyewe hatua kwa hatua. Mara ya kwanza alipoiendesha, alirudishiwa mistari mia na themanini na sita myekundu, yote ikisema amekataliwa. Akarekebisha, akakataliwa tena. Jumamosi moja orodha ikaanza kushuka kwa kijani: akaunti imeundwa, imeingizwa kwenye kundi la wasimamizi, ya zamani imefutwa. Mashine baada ya mashine, zote, kwa dakika nne. Wala neno la siri hakuliandika ndani ya skripti kama wafanyavyo wavivu. Skripti ilimuuliza kila mara, naye akaliandika kutoka kichwani. Alilia kidogo kwa furaha, peke yake, kisha akavuka kwenda choo cha wageni kunawa uso.

Tangu hapo kompyuta zikatulia. Kasoro alizizima kutoka chini kabla mwenye mashine hajainuka kitini kulalamika. Na kwa kuwa asipopanda hakuna wa kutia sahihi, daftari la mwaka ule lilikuwa na kurasa nne tu zilizoandikwa.

Ghorofa ya pili alikaa fundi wa printa, aliyeitwa Wino kwa sababu vidole vyake havikujua kuwa safi. Printa aliyoitengeneza Jumatatu ilikwama Alhamisi, maana alijaza wino hafifu, naye akapanda mbio, bisibisi mfukoni mwa shati, jasho likimtiririka: "Nimefika, bosi, nimefika!" Mwaka ule alijaza madaftari matatu. Wahenga walituambia debe tupu haliachi kuvuma. Hawakutuambia kwamba wakubwa huupenda mvumo wake.

Akaja mkurugenzi mpya na kamati ya kupunguza watu. Ikatangazwa kwamba kati ya mafundi wale wawili, atabaki mmoja. Mama Ngazi alikuwa amebakiza miaka minne astaafu.

Jioni hiyo alimweleza mumewe, ambaye ni fundi saa mwenye meza yake pembeni mwa soko. Mzee aliondoa lenzi jichoni, akaguna.

"Mke wangu, saa niliyoitengeneza vizuri, mwenyewe simwoni tena. Anayerudi ni yule niliyemlipulia kazi. Kesho ziharibu chache."

"Nini?"

"Kumi tu. Kumi na tano. Halafu upande mbio ukazitengeneze, wakuone."

"Nimeshaijua kazi yangu, leo nianze kuiharibu? Kizuri chajiuza, baba watoto."

"Kizuri chajiuza sokoni," alisema mzee akiirudisha lenzi. "Ofisini nani anakuja kununua?"

Alimkasirikia, hata chakula akamwandalia kwa kishindo cha sahani. Lakini kompyuta hakuzigusa. Ujinga wake, kama ni ujinga, ulikuwa kuamini kwamba mtu akionyeshwa kazi nzuri ataitambua.

Mbele ya kamati aliwekewa lile daftari lake lenye kurasa nne.

"Mama, mwaka mzima umefanya hizi tu?" aliuliza mkurugenzi.

"Naomba niwaonyeshe." Alikuwa amekuja na kompyuta yake. Akaendesha skripti mbele yao, na mistari ya kijani ikashuka kwenye kioo huku akieleza: hii ya masjala, hii ya mapokezi, hii ya kwako mwenyewe, bosi. Wanakamati walisogeza viti. Mmoja alipiga mluzi. Mama Ngazi akajiona ameokoka.

Mstari wa mwisho ulipotua, mkurugenzi alitazama saa.

"Dakika nne," alisema.

"Ndiyo, bosi. Zamani ilikuwa wiki mbili na nusu."

"Kwa hiyo kazi yako, mama, ni dakika nne?"

Hapo akajua amejipalia makaa kwa mikono yake. Alifungua mdomo aeleze miezi mitano, neno la siri, goti, mashine zisizoharibika. Kilichotoka ni, "Kila miezi mitatu, bosi." Wanakamati wakaangua kicheko.

Barua ilikuja Jumatatu. Ijumaa, ambayo ndiyo siku yake ya mwisho, akaagizwa amfundishe Wino kuiendesha skripti, amuundie akaunti ya msimamizi kwenye kompyuta zote, na afute ya kwake. Wino alikuja na vidole vyake, akakaa, akaepuka kumtazama usoni.

"Nisamehe, dada."

"Bonyeza hapo, mdogo wangu. Usichafue kibodi."

Mistari mia na themanini na mitano ilirudi kijani. Mmoja tu ulikuwa mwekundu: masjala, ghorofa ya sita. Karani wa masjala huchomoa waya akienda kula, eti umeme usije ukaunguza mashine. Wino alijitolea kwenda. Mama Ngazi akakataa, akachukua daftari, akapanda mwenyewe. Ghorofa ya nne alisimama kushika goti. Ya sita alifika blauzi imemganda mgongoni.

"Shoga!" karani aliruka kutoka kitini. "Ulipotelea wapi? Mwaka mzima!"

"Kompyuta yako haikuharibika."

"Hata siku moja! Nikadhani umeshaacha kazi. Hata ile kamati walipopita kuuliza fundi wetu mara ya mwisho tulimwona lini, niliwaambia ukweli, mimi simwoni." Aliuona uso wa mwenzake. "Nilikosea?"

"Hukukosea," alisema Mama Ngazi, akachomeka waya. Akasubiri mashine iwake akiwa ameipa mgongo meza. Kisha akakaa, akamuundia Wino akaunti, akaifuta ya kwake, akageuza daftari. Karani alitia sahihi pole pole.

Akishuka, alikutana na mkurugenzi ghorofa ya tatu. Bwana yule alimtazama: jasho, daftari kwapani, mkono kwenye chuma cha ngazi. Uso wake ukalainika, na alisema kwa huruma ya kweli, jambo ambalo ndilo baya zaidi:

"Unaona, mama? Leo ndiyo nakuona uko kazini. Ungekuwa unapanda hivi tangu mwanzo, tungekuachisha kazi wapi?"

"Nilikuwa napanda hivi, bosi," alisema Mama Ngazi, "nilipokuwa bado sijaijua kazi."

Mkurugenzi alicheka, akampisha njia ashuke.