Mshahara wa Wifi Yangu Kabla ya Kukatwa

Sogeza kiti, msikilizaji wangu. Ninachotaka kukueleza kinahitaji utulivu kidogo tu, wala si kigumu. Ni habari ya kodi ya mshahara kule Uingereza, na ni habari ya wivu wangu. Nimejaribu kuzitenganisha hizi mbili, zimekataa.

Wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, anafanya kazi Uingereza katika nyumba ya kutunzia wazee. Mimi niko hapa Maskati, nashughulikia mishahara ya wafanyakazi katika duka kubwa la magari, mtaa wa Wattaya. Kila mwisho wa mwezi watu huja mezani kwangu kuuliza kwa nini wamepata hiki na si kile, nami napenda kuwaeleza mpaka uso wa mtu ukunjuke. Lakini nyumbani kwa mama mkwe wangu, mtaa wa Ghubra, hakuna aliyewahi kuniuliza kitu. Huko anayeulizwa ni wifi, hata akiwa mbali.

Mwaka mmoja alikuja likizo. Ijumaa ya kwanza, baada ya sala, tulikaa sote kwenye sinia. Wifi amepungua, amependeza, na ana kicheko kinachomfanya kaka yake acheke kabla hajasikia mzaha wenyewe. Nikimfanyia mzaha mimi, mume wangu hufikiri kwanza.

"Hebu mwambie kaka yako unalipwa ngapi," mama mkwe akasema, huku akimsogezea binti yake kichwa cha nguru. "Mimi nna watoto wanne, lakini aliyeushika ulimwengu ni mmoja."

"Mama naye! Elfu ishirini na sita kwa mwaka."

"Pauni?" mume wangu akauliza.

"Sasa kaka, kule watanilipa nini, halwa?"

Watu wakacheka. Mume wangu akatoa simu, akagawa kwa kumi na mbili, akageuza kuwa riali. Niliona kidole chake kimesimama juu ya kioo. Zilikuwa zaidi ya mara mbili ya anachopata yeye kwenye ghala la vipuri analolisimamia. Kisha wifi akaongeza kwamba mwisho wa wiki ana kazi ya pili, na kwamba mwajiri wake anatafuta wanaume wenye nguvu, maana wazee wengine hawawezi kujiinua.

"Na mimi nikishika kazi mbili?"

"Utakuwa tajiri, kaka, utusahau."

Mama mkwe akanigeukia. "Na wewe, mke wa mwanangu, utabaki na magari yako ya Wattaya. Hayo hayasafiri."

Siku ya Jumapili mume wangu alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi. Angeikabidhi mwisho wa mwezi, atangulie yeye, mimi na watoto tufuate mambo yakikaa sawa. Mimi hakuniuliza. Aliyeulizwa ni dada yake: koti gani linafaa kwa baridi ya kule? Wakakaa barazani wakitazama makoti kwenye simu, vichwa vimegusana kama watoto. Nikaona wivu hata kwa koti ambalo halijanunuliwa.

Sasa nikueleze kosa lilikuwa wapi. Sisi wa Maskati, mtu akikuuliza mshahara, unamtajia kinachoingia benki kwa mwezi. Mshahara wa mtu kama mimi haukatwi kodi. Mwomani hukatwa bima ya jamii, na hiyo tumeizoea hata hatuitaji. Wenzetu wa kule hutaja mshahara wa mwaka mzima, tena kabla haujaguswa. Kwa hiyo wifi hakudanganya. Alisema kama wanavyosema kwao, tukasikia kama tunavyosikia kwetu.

Mimi nililijua hilo. Lakini ningefungua mdomo wangesema, "Wivu huo!" Na wangekuwa wamesema kweli. Ndipo nilipojifunza kwamba mtu mwenye wivu anaweza pia kuwa na hesabu sahihi, ila hakuna anayetaka kuipokea kutoka kwake.

Ijumaa iliyofuata, tukiwa tena kwenye sinia, wifi mwenyewe ndiye aliyenifungulia njia ya kusema. Alikuwa akilalamika, mdomo umejaa wali.

"Ile kazi ya pili wananikata tangu pauni ya kwanza! Ya kwanza hawanifanyii hivyo. Nahisi wananionea."

Mume wangu akaacha kula. "Wanakukata nini?"

"Kodi, kaka. Kwani hukujua?"

Nikashika kijiko. "Wifi, msimbo wako wa kodi kwenye kazi ya kwanza ni upi?"

"Moja mbili tano saba, na herufi L."

Nikachora mstari kwenye wali, katikati ya sinia. Nikawaambia: kila mwajiriwa wa kule hupewa msimbo, ili mwajiri ajue amkate vipi. Ukitia sifuri mwishoni mwa hizo tarakimu unapata elfu kumi na mbili mia tano na sabini. Hilo ni fungu lako la mwaka lisilokatwa kodi; upande huu wa mstari hakuna mkono unaoingia. Herufi L inasema fungu lako ni la kawaida, kama la watu wengi. Upande wa pili, kwa mshahara kama wa wifi, kila vijiko vitano kimoja ni cha serikali. Na juu ya hicho, bima yao ya taifa huchukua chini kidogo ya nusu kijiko.

"Na kazi ya pili?" wifi akauliza.

"Mstari unachorwa mara moja tu. Fungu lako lote limekwisha kwenye kazi ya kwanza, kwa hiyo ya pili inakatwa tangu punje ya kwanza. Msimbo wake ni BR, ule usio na fungu, au sivyo?"

"Ndiyo huo!"

"Basi hawakuonei. Ingekuwa mshahara wa kwanza haulimalizi fungu, ungewaomba wanaohusika na kodi wakuhamishie kilichobaki."

Mume wangu alikuwa akiutazama mstari ule muda wote. "Kwa hiyo mkononi unashika ngapi kwa mwezi?" Wifi akamwambia. "Na kodi ya nyumba?" Akamwambia. "Na moto wa kupasha chumba?" Wifi akashusha macho, akasema huwa anavaa soksi mbili.

Mama mkwe akanikazia jicho. "Umeuchora wali wangu ili umzuie mwanangu. Wivu tu!"

"Ndiyo mama, wivu nnao," nikamjibu. "Lakini hesabu ndiyo hiyo."

Wifi akaangua kicheko. "Mama, mwache. Hakuna aliyewahi kunieleza hivi."

Mwisho wa mwezi ulipita na barua haikutoka nyumbani. Nilidhani nitafurahi. Lakini jioni hiyo mume wangu alimchukua dada yake wakaenda maduka ya Hamriya, akamnunulia vitambaa na viatu, kwa sababu hakuwa amejua kwamba anajinyima kiasi kile. Walirudi wanacheka, mifuko mikononi, na mume wangu akasema mbele yangu kwamba hajaona mwanamke shujaa kama yule. Nyumba yangu nimeiokoa kwa kijiko, na wivu umebaki palepale, sasa una sababu bora zaidi.

Nawe ukitajiwa mshahara wa mbali, uliza kwanza: ni wa mwaka au wa mwezi, umeshakatwa au bado? Kama ni wa mwaka, tenga fungu lisilokatwa, toa kodi na bima kwenye kilichozidi, ujumlishe kinachobaki na lile fungu, ugawe kwa kumi na mbili, kisha utoe kodi ya nyumba ya kule. Hicho ndicho ulinganishe na chako, na usitie sahihi barua yoyote kabla hujamaliza.