Kitabu Nilichokiokoa kwa Muuza Karanga

Mimi niliishia darasa la nne, na mashine za kukamua alizeti unazozisikia zikinguruma hapa Singida mjini ni zangu. Sikurithi hata bolti. Kwa hiyo nikikwambia soma vitabu vya zamani, vile vya mambo ya kweli, nisikilize. Ninacho kimoja cha ushirika wa mazao wa enzi hizo. Ukikimaliza utaelewa kwa nini bei ya alizeti leo inaanguka mavuno yakianza. Utadhani mwandishi alipita sokoni jana!

Lakini kinachoshinda vyote nilikipata siku ya soko kule Ikungi. Mama mmoja alikuwa anachana kurasa zake, anafungia karanga. Nikala karanga, nikasoma karatasi: habari za Ziwa Singidani.

"Mama, niuzie kitabu chote."

"Na karanga nifungie nini, kanga yangu?"

Nikanunua kitabu na karanga zote. Jina la kitabu siwezi kukutajia. Jalada na kurasa za mwanzo waliondoka nazo walaji. Mwandishi ni wa siku nyingi, bei zake zote ni za senti.

Nilikisoma nikifuatisha kwa kidole. Anaeleza alivyozunguka ziwa akiuliza wakazi. Wakamwambia maji yaliwahi kupanda, watu wakahamia juu kwenye mawe, yakashuka, watoto wao wakateremka kulima, yakapanda tena. Akaandika na dalili ya mahali maji yatakaporudi: ukiona ardhi nyeupe kwa chumvi, majani yanaota kwa shida, hapo ni ndani ya ziwa, maji yametoka tu kidogo.

Niliruka! Kiwanja cha mdogo wangu, kando ya ziwa, kilikuwa cheupe hivyohivyo. Yeye ni mfanyabiashara wa kuku, amepanga nyumba za watu tangu aoe, na akiba yake yote ilikuwa matofali yaliyokwisha kushushwa pale. Fundi alikuwa anaanza msingi Jumatatu.

Nikawasha pikipiki, kitabu kifuani. Nikamkuta na mkewe, nikawasomea nimesimama juu ya matofali.

"Kaka, karatasi ya karanga ndiyo inihamishe?"

"Onja udongo."

"Mimi sili udongo."

Shemeji akainama, akaonja, akatema. "Baba watoto, hii chumvi tupu. Mimi sihamii ndani ya chungu cha mboga."

Tukahamisha matofali, kwa lori langu mwenyewe, hadi kiwanja changu cha juu kwenye mawe, ambako sururu ya fundi ilivunjika siku ya kwanza. Mdogo wangu alininunia. Salamu alinipa, maneno mengine hapana.

Mvua zikaja, ziwa likapanda. Pale yalipokuwa matofali sasa wanaogelea ndege.

Asante hakusema. Alikuja mashineni, akajikuna shingo. "Kaka, hicho kitabu kinasemaje kuhusu huko juu kwenye mawe?"

"Kisome."

"Niazime basi."

"Hakitoki hapa! Kalia gunia, usome."

Akakaa. Tangu siku hiyo akishauza kuku anakuja, anasoma kwa sauti akishindana na mashine, na kila ukurasa ananiita kama vile mimi sijaufikia:

"Kaka, zima hiyo mashine, njoo usikie hii!"

Nami nazima.