Nafasi Iliyo Juu ya Elinaza

Josephine ni mwanamke wa kazi. Anaogesha wazee wa watu huko Etobicoke, ughaibuni, anarudi kwake Mount Dennis kwa basi, anapika, na mdomo wake haupumziki. Wanawake walio hai hawamsumbui; hao anawaweza. Anayemnyima raha ni marehemu Elinaza, mke wa kwanza wa mumewe, Silvanus. Huku ardhi ni ghali, watu huzikwa kwa ghorofa, mmoja chini na mwenzake juu. Elinaza yuko chini. Nafasi ya juu imeshalipiwa, anangojewa Silvanus.

Jumapili moja Kisa, binti wa Elinaza anayesomea mambo ya kale, akarudi kutoka Uingereza alikokwenda kuchimbua. Mezani habari zilikuwa makaburi tu. Eti watu wa zamani, kabla hata ya chuma, walipanga mawe bila saruji wakajenga vyumba vya wafu, wakawa wanaingiza maiti mmoja baada ya mwingine, na mifupa ya waliotangulia ikisogezwa pembeni.

"Ikisogezwa?" Josephine akaweka kijiko chini. "Kumbe walikuwa na akili."

"Tena mama mdogo, kuna kaburi moja wamepima mifupa, wakakuta ukoo mzima umetoka kwa mwanamume mmoja na wanawake wanne. Uzao wa wawili umelazwa upande huu, wa wawili upande ule."

"Na huyo bwana akalala na nani?"

Kisa akacheka. Silvanus akainamia ndizi zake.

"Usijifiche kwenye sahani, Baba Kisa. Mimi nitalala wapi?"

"Si patapatikana hapo jirani?"

"Jirani. Nakufulia soksi miaka yote hii, nikifa niwe jirani. Basi sikiliza. Nikitangulia mimi, unizike pale pale juu ya Elinaza. Tutajuana wenyewe huko. Wewe utatafuta pa kwenda."

Silvanus akamtazama, akaona hana utani. Akafuta mikono, akasema kesho ataenda kununua mahali papya, pa wawili, ubavu kwa ubavu.

Josephine akaokota kijiko chake, akaendelea kula.

"Ila leo nipite kwa Elinaza," mzee akaongeza polepole. "Nimwambie mwenyewe. Si vizuri asikie kwa watu."

Josephine alishafika mlangoni, mkono mmoja ndani ya koti.

"Tunakwenda wote," akasema. "Siwaachi peke yenu."