Siku Niliyojifanya Sijui Kiswahili

Jamani, aibu nyingine mtu unajitafutia mwenyewe, na hii yangu sikupewa na mtu. Mnajua nilivyougua saratani ya mlango wa kizazi, nikapelekwa mbali kuchomwa mionzi, nikarudi hapa Mollo watu wakaimba kanisani kwamba nimepona (na kweli nimepona, namshukuru Mungu). Ila chumbani nilikuwa sijapona. Mume wangu akinisogelea ni maumivu, baadaye damu, mpaka nikawa nakimbilia kulala na watoto nikisingizia uchovu, nikaona kabisa ndoa inanitoka.

Nikaapa siku ya kliniki nitasema. Tumefika mjini, nikamwacha kwenye benchi mama mkwe aliyenisindikiza, naingia nakuta daktari kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Akaniuliza, kwa upole tu, tendo la ndoa linaendaje. Nikamjibu kwa Kifipa kwamba Kiswahili sijui (mimi ninayebishana na wateja wa mahindi sokoni kila wiki), nikidhani ataruka swali. Yeye akafungua mlango, akauliza nani huko nje anajua Kifipa, na aliyeinuka ni mama mkwe.

Akaingia, akanitazama, akaelewa ninaficha jambo. Swali liliporudiwa hakunitafsiria hata neno, akajibu mwenyewe kwamba nyumbani ni salama. Daktari akasema basi, tuonane kliniki ijayo. Nikaona hapo nikinyamaza nimekwisha.

"Si kweli, daktari," nikasema kwa Kiswahili kilichonyooka. "Naumia, natoka damu, na mume wangu namkimbia."

Jasho lilinitoka na baridi yote ile ya Ufipa. Daktari hakucheka. Alisema mionzi huwafanyia hivyo wengi, msaada upo, vilainishi vipo, damu ataichunguza, na siku nyingine nije na mume.

Tulipokaribia nyumbani mama mkwe akasimama.

"Mwanangu analia kwangu," akasema. "Anadhani umemchoka. Na mimi nilishaanza kumtafutia mwingine."

Nililia barabarani, watu wakipita. Jioni ile nilimwambia mume wangu yote kabla hata ya chakula, akainama, akanishika mkono, akasema alidhani ni yeye aliyekosa. Sitarudia tena kumwachia mtu mwingine, hata awe mama mkwe, anisemee maumivu yangu.